Benki ya Kikula iliyokopesha mtaa mzima kwa paa moja

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Juzi humu ndani jamaa mmoja alituelimisha, kwa kujiamini kabisa, kwamba mikopo ya nyumba kuangusha uchumi ni balaa la Ulaya na Amerika. Eti sisi Waafrika tunajenga taratibu kwa pesa ya mkononi.

Nilicheka peke yangu. Mimi nimeyaona hayo nikiwa binti, Likasi, enzi zile Kongo ikiitwa Zaire. Nawapa kama yalivyotokea, sina haja ya kutia chumvi.

Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha shaba. Alipofariki, kampuni ilimlipa mama yangu, Mama Ngalula, mafao yake. Baba alituachia nyumba Kikula, kitongoji cha hapohapo Likasi: kuta za matofali ya kuchoma, milango, madirisha, kila kitu isipokuwa paa. Tulilala chumba cha nyuma chini ya turubai, na mvua ikinyesha tunahamisha kitanda.

Mama alikuwa na nia moja tu: kununua bati kwa pesa ile.

Hapo ndipo akatokea Patron Mwepu, patron kwa maana ya bosi.

Huyu bwana alikuwa karani zamani. Akashona abacost ya kijivu, lile koti la wakubwa wa enzi ile lisilovaliwa na tai, akaweka meza na kabati la chuma sebuleni kwake, akajiita benki. Ukimwekea pesa yako, kila mwezi anakupa faida nono. Mama akaahirisha bati, akampelekea mafao yote. Pesa hiyohiyo anawakopesha wafanyakazi wa kampuni, na dhamana ni nyumba. Mwenye nyumba ya bati anapata mkopo mkubwa. Asiye na bati anapata salamu.

Mkaguzi wake aliitwa Ilunga, kijana wa miwani aliyesoma chuo kikuu, na alihakikisha wote tunalijua hilo. Alilipwa kwa kila mkopo uliopitishwa. Mkopo ukikataliwa, hapati kitu. Malizieni wenyewe.

Ilunga alikagua nyumba akiwa amekaa ng'ambo ya barabara na chupa ya bia aliyonunuliwa na mkopaji. Akiona bati linang'aa, anasaini.

Sasa niwaeleze jambo la kwetu. Kikula watu wengi hawakupigilia bati misumari. Walilikandamiza kwa mawe na matofali, maana msumari unatoboa, na ardhi ni ya serikali lakini bati ni lako. Ukihama, unahama nalo. Hata mtoto mdogo alilijua hilo. Ilunga wa chuo kikuu hakulijua, au alilijua na bia ilikuwa baridi.

Basi jirani yetu Baba Kapend, aliyekuwa na bati mpya, akaanza kuzikodisha.

Leo ziko juu ya nyumba yake, Ilunga anapita, mkopo unatoka. Kesho zinapakiwa kwenye mkokoteni mchana kweupe, zinapanda nyumba ya mwenzake. Wiki inayofuata ziko mtaa wa pili. Paa moja, mikopo chungu nzima.

Tulisimama milangoni tukicheka mpaka mbavu zinauma. Mama naye alicheka, na pesa yake iko kwenye kabati la Mwepu. Hakuna aliyejiuliza anayeibiwa ni nani.

Kwa muda maisha yalinoga. Waliokopa walinunua nyumba nyingine kwa mkopo, bei zikapanda, wakakopa tena kwa bei mpya. Kila mtu akawa mwenye nyumba, kila mtu akawa mtaalamu. Nilimsihi Mama atoe pesa tununue bati kabla ya mvua. Alisema tusubiri kidogo, faida itatupa bati na dari pia.

Halafu kampuni ikachelewesha mshahara.

Mwezi wa kwanza watu walitania. Wa pili mzaha ukaisha. Wakopaji hawakulipa, Mwepu akaanza kunyang'anya nyumba na kuziuza zote kwa mpigo. Nani anunue? Wanunuzi walikuwa ni walewale waliokuwa wakikopa kwake. Bei ikaporomoka. Muuza nyama aliyeweka akiba pale akafunga, wauza vitenge wakafunga. Hata ambao hawakuwahi kukopa senti walikaa sokoni siku nzima bila mteja.

Mama akaenda kudai. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Minye niko nataka feza ya bwana yangu," alisema. "Mvua inakuya."

Mwepu hakunyanyuka hata kitini. "Mama, feza haiko. Nitakupa nyumba."

"Iko na tôles?" Ndivyo tulivyoita bati.

"Iko na tôles, tena mupya. Ilunga aliiangalia."

Ilunga alikuwa pembeni anafuta miwani. Akatikisa kichwa kukubali, kwa heshima zote.

Tukaenda kuiona nyumba yetu mpya, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka na familia yake. Zilibaki kuta nne, na juu yake mawe yamepangwa vizuri, hayana cha kukandamiza. Baba Kapend alikuwa amezikusanya bati zake na kumuuzia mfanyabiashara wa Lubumbashi.

Mama alisimama katikati ya sebule akatazama mawingu.

"Zile tôles nilizionaka," alisema. "Zilipita ku mulango yetu. Nilichekaka."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mvua ilipoanza tulikuwa na nyumba mbili na turubai moja. Mama alikohoa msimu wote ule, na kifua chake hakikupona tena mpaka anakufa.

Mwepu alihama, hakuna ajuaye alikokwenda. Na Ilunga? Kabla mvua haijaisha alikuwa ameshaajiriwa na mkopeshaji mwingine mjini. Walimchukua kwa uzoefu wake.

Nilichojifunza ni hiki: ukiona mtu anakopesha kwenye nyumba ambayo hajapanda kuikagua, usimcheke. Uliza kwanza pesa anayogawa ni ya nani, maana huenda ni yako.

Haya, wenye ya kwao wamwage hapa chini. Na wewe jamaa wa "hayo ni mambo ya Ulaya", nakusubiri. Ukija, njoo na ngazi.