Mektrida Hakupeleka Isale

Watu wa Moshi wakitaka kunichokoza huniuliza kama ni kweli Mektrida alimsukuma mtoto wa watu kwenye mibuni. Mimi ndiye niliyekaa kiti cha kushoto nikimsomea njia, na nimechoka kuulizwa. Hakumsukuma. Alimpita.

Mektrida wa Kibosho aliendesha pikapu ya baba yake tangu mzee macho yalipoanza kumsumbua. Siku za kazi ilibeba ndizi hadi soko la Mbuyuni. Siku ya mashindano ya magari tuliifagia, tukafunga mikanda, tukaenda. Mimi Hajira ni fundi cherehani wa mjini. Hata kubadili gia sijui, ila sauti yangu inaishinda injini, na ndiyo sababu alinichagua. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, na kila mwenye mjomba mfanyabiashara alikuwa na gari kutoka Japani. Anaeli wa Machame alikuwa na lake, jekundu, na kuendesha alijua, hilo simnyimi.

Tuliondoka kwa zamu, gari moja moja. Kanuni ya chama cha mashindano ilikuwa wazi: ukifikiwa na aliyeanza nyuma yako, mpishe. Tulimfikia Anaeli kwenye mteremko. Mektrida akapiga honi, akawasha taa. Anaeli akatufungia kulia, akatufungia kushoto, sisi tunakula vumbi.

"Shoga, tumwache, atachoka," nikamwambia.

"Achokee nyuma yetu."

Kwenye kona ya kushoto Anaeli aliingia kwa pupa, akatanuka hadi ukingo wa kulia. Upande wa ndani ukabaki mtupu. Tukaingia. Milango ilikuwa imeshalingana, naliona hadi sikio lake, ndipo akakata kurudi ndani kana kwamba hatupo. Akatugonga ubavu wa nyuma, akazunguka, akatua katikati ya mibuni akiwa mzima kabisa na matusi yake yote. Tukamaliza wa kwanza.

Furaha ile haikufika mbali. Waamuzi watatu walikuwa wameketi mwisho wa njia, chini ya turubai, na soda zao. Hakuna aliyeiona ile kona hata kwa bahati mbaya. Waliliona gari jekundu likivutwa, wakaiona rangi nyekundu ubavuni mwa pikapu, basi, kesi imekwisha. Dakika tatu za adhabu kwa kupita kwa hatari. Tukaporomoka hadi nafasi ya nne, na Mektrida akakata rufaa pale pale. Ushindi aliutaka, lakini zaidi alitaka lifutwe lile neno kwamba ni mwanamke anayesukuma watu.

Kabla ya kikao cha rufaa, mkuu wa waamuzi, mzee Ebenezeri, alipanda Kibosho mwenyewe. Nilikuwepo. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa.

"Mwanangu, tuyamalize kinyumbani," akasema. "Peleka isale kwa akina Anaeli. Wakilipokea, adhabu naifuta."

Mimi ni mtu wa mjini, lakini isale nalijua. Ni lile jani refu linalopandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya nyumbani. Ukilifunga fundo ukampelekea uliyemkosea, hana njia ya kukataa kukusamehe. Mama yake Mektrida alikuwa ameshainuka kutafuta kisu cha kulikatia.

"Mama, keti," Mektrida akasema. "Mzee, isale hubebwa na mwenye kosa. Nikilibeba nimekiri."

"Ni jani tu, binti yangu."

"Kama ni jani tu, alibebe Anaeli."

Mzee akaondoka akiamini kwamba msichana atalainika. Akapitia Machame, akamwambia mama yake Anaeli ajiandae, kabla ya kikao isale litapita kati ya nyumba hizi mbili. Hakutaja litatoka nyumba ipi. Aliona halihitaji kutajwa. Hapo ndipo alipokosea, maana mama anamjua aliyemzaa. Yule mama alikata isale kihambani mwake, akachukua na kibuyu cha mbege, ile pombe ya ndizi, akaja hadi Kibosho.

"Mwanangu amekufungia njia," akamwambia Mektrida. "Namjua. Hata mlangoni hapishi mtu. Tusamehe."

Mektrida alilipokea kwa mikono miwili, akasamehe kwa moyo wake wote. Wao wakanywa mbege, mimi nikanywa chai, na tukacheka sana.

Siku ya kikao aliliweka lile isale mezani mbele ya waamuzi.

"Nimemsamehe Anaeli," akasema. "Sasa nambieni, mimi mliniadhibu kwa kosa gani?"

Anaeli akainamisha kichwa. Hakuweza kumkana mama yake, wala hakufungua mdomo kututetea. Mzee Ebenezeri akakohoa.

"Kanuni za chama hazitambui majani."

"Juzi ulipokuja kwetu zilikuwa zinayatambua."

Ukumbi mzima ukacheka, na adhabu ikabaki palepale. Walijua, nasema wazi, walijua. Waliogopa aibu yao kuliko dhuluma waliyotutendea. Mimi nililia kwa hasira njiani kurudi. Nikamwambia Mektrida tuache mashindano, wahenga walishasema mwenye nguvu mpishe.

"Sawa," akasema. "Wanipishe."

Mwaka uliofuata tulikwenda kujiandikisha kama kawaida. Pikapu ilikuwa na ule mkwaruzo mwekundu. Alikataa kuupaka rangi. Aliyekaa kwenye meza ya majina ni mzee Ebenezeri. Alishika kalamu, akauliza kabla ya kuandika.

"Safari hii ukimfikia mtu utafanyaje?"

"Nitapiga honi, mzee."

"Na asipokupisha?"

"Nitangoja kona. Kisha nitapita."