Tulivyohamisha ofisi Bagamoyo, na kampuni niliyoichagua kwa sababu ya ubani

Wakuu, habari za saa hizi. Mliotutangulia, shikamooni.

Nawasimulia jambo lililotokea ofisini kwetu hapa Bagamoyo. Sitii chumvi. Anayetaka chumvi, mashamba yake yako huku huku, aje achote.

Ofisi yetu ni ya kupima viwanja. Miaka mingi tumepanga nyumba ya zamani Mji Mkongwe wa hapa hapa, dari linavuja, ngazi imechoka. Tukapata jengo jipya upande wa Kaole, bosi akanipa mimi kazi ya kutafuta kampuni ya kutuhamisha.

Sasa kuna mtu lazima mumjue. Bi Zuhura, mama yetu wa mapokezi.

Sukari ilimchukua macho taratibu, akabaki haoni kabisa. Lakini mle ofisini alitembea bila fimbo, akapokea simu, akamjua mteja kwa salamu tu. Mgeni angeweza kukaa nusu saa asitambue.

Bosi wetu ni kijana anayekaa Dar, huja mara moja moja, si mtu mbaya. Akaniita pembeni akasema, "Kule hapajui, atajigonga. Mkishahama nitakuja niongee naye, apumzike tu nyumbani."

Roho iliniuma, siwafichi. Yule mama ndiye aliyenipokea nilipoanza kazi. Mumewe alishafariki, watoto wako mbali. Apumzike na nani?

Kesho yake nikamwambia. Wala hakushtuka. Akasema, "Mwanangu, hapa nilipazoea ningali naona. Kule nitapazoeaje?"

Nikaenda kunywa maji ambayo hata sikuwa na kiu nayo.

Jibu lilitoka kwenye mila zetu wenyewe. Huku Pwani huhamii mahali papya bila dua na ubani. Unafukiza kila chumba, kila pembe, kabla hakijaingia hata kigoda. Na anayetangulia ni mkubwa wenu kwa umri.

Mkubwa wetu nani? Bi Zuhura.

Basi nikawa natafuta kampuni ambayo lori lake litakubali kusubiri mpaka Bi Zuhura avizunguke vyumba vyote vikiwa vitupu. Hapo ndipo nilipojua watu wana haraka.

Wa kwanza waliniandikia WhatsApp, "Tuma picha bro tukupe bei." Hawakutaka hata kuja kuiona ile ngazi. Kabati la chuma likikwama pale katikati, mnalala nalo.

Wa pili walikuja, wakakagua vizuri tu. Nilipotaja dua, yule bwana akacheka, akasema gari lao halisimamishwi na moshi. Nikamsindikiza mpaka nje kwa heshima zote.

Wa tatu walitoka Chalinze. Msimamizi wao, Kondo, mtu wa Miono, alipima milango, akainua pembe za makabati kuona uzito, akauliza vifaa vya upimaji vinafungwaje. Nikamweleza habari ya ubani na ya Bi Zuhura.

Akasema, "Mbona hata kwetu hatuhamii bila ubani. Tutakaa nje, nyie mtupe chai tu."

Nikampa kazi hapo hapo.

Siku yenyewe kila boksi lilikuwa limeandikwa chumba chake. Lori likasimama nje ya jengo jipya, vijana wa Kondo wakashushiwa chai na vitumbua.

Bi Zuhura akashika chetezo mkono wa kulia, wa kushoto akauweka ukutani. Mimi nimemshika kiwiko, shehe tuliyemwita kwa dua yuko nyuma anasoma.

Tulikwenda pole pole. Kila pembe anasimama, anafukiza, anapapasa. Kila mlango anaupima kwa bega. Vyumba vilikuwa vitupu, vina mwangwi, akawa anaitikia "Amina" kisha anasikiliza sauti inavyorudi.

Tulipomaliza akaninong'oneza, "Turudie."

Shehe hakuuliza kitu, akaanza kusoma upya. Tukazunguka tena na tena mpaka mkaa ukawa majivu. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Mchoro wa bosi ulitaka meza zikae katikati ya vyumba. Nilimwomba Kondo azipange zote ukutani, njia ibaki wazi. Akasema, "Nilikuwa nangoja useme."

Baada ya siku chache bosi akaja. Hajamaliza "shikamoo" pale mlangoni, Bi Zuhura kashasimama.

"Marahaba baba. Umefika salama? Njoo nikuonyeshe ofisi yako."

Akatangulia, mkono haugusi kitu. Akakata kona, akapita stoo, akafika mlango wa mwisho akaufungua.

"Angalia hapo, pana kizingiti."

Bosi alikuwa anamtazama yeye, hakutazama chini. Akajikwaa. Bi Zuhura akamdaka mkono asianguke.

Habari ya kumpumzisha sijaisikia tena mpaka leo.

Nilichojifunza: ukitafuta watu wa kukuhamisha, bei uliza, lakini uliza pia kama watakusubiri. Ofisi inahama na watu wake.

Kama nawe uliwahi kuhama na mtu ambaye hukukubali abaki nyuma, hebu simulia hapa chini. Nina kahawa yangu na kashata, nasoma zote.