Wale Waliotoka, na Posa ya Binti Yetu

Elimu yangu ya madhehebu niliipata juu ya ngazi. Miaka tisa niliyokaa Maskati nikitengeneza viyoyozi, wateja wangu wakubwa walikuwa misikiti, na kiyoyozi cha msikiti hupenda kuharibika baada ya Alasiri, darasa likiwa limeanza. Mimi niko juu na bisibisi, shehe yuko chini na kitabu. Mafundi wenzangu walisikia feni. Mimi nilisikiliza. Ndiyo maana nilirudi Nairobi, mtaani kwetu Jericho, na vitu viwili ambavyo hakuna mwingine aliye navyo katika safu yetu ya nyumba: stashahada ya majokofu na viyoyozi, yenye mihuri miwili, na ujuzi wa kutosha kuhusu Maibadhi, dhehebu la Waislamu wengi wa kule Omani.

Kwa hiyo mke wa marehemu kaka yangu aliponijia Alhamisi na swali lake, hakukosea mlango.

Binti yake alikuwa amepata mchumba, kijana wa mtaa wa Tena, na wazazi wa kijana walikuwa waje Jumamosi kuposa. Kaka hayupo, kwa hiyo walii, yaani msimamizi wa kumwozesha, ni mimi. Lakini katika nyumba ile walii ni cheo tu. Mama asipokubali, hakuna ndoa.

“Shemeji,” alisema, “kina mama wa darasa wananiambia hao watu ni Maibadhi. Ati ni Makhawariji. Ni kweli?”

Mtu asiye na stashahada angejibu kwa neno moja. Mimi nilimketisha, nikamketisha na binti, nikaomba sinia, vikombe viwili na bakuli la karanga.

“Kikombe hiki ni kambi ya khalifa wa nne, mkwe wa Mtume. Hiki kingine ni kambi ya gavana wa Shamu, anayedai haki ya khalifa wa tatu, jamaa yake aliyeuawa. Karanga ni askari.”

“Hawa wa Shamu wamekaangwa vizuri,” alisema binti, akitafuna kikosi kizima.

Nikaeleza vita vya Siffini: jinsi watu wa Shamu walivyotundika kurasa za Kurani kwenye mikuki wakiomba suluhu, na khalifa akakubali waamuzi wawili wakae wapatanishe. Hapo nikachota karanga kadhaa za khalifa, nikazitoa nje ya sinia.

“Hawa wakakataa. Wakasema hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, binadamu wawili ni nani waamue? Wakatoka. Ndipo wakaitwa Makhawariji, yaani waliotoka.”

“Halafu?”

“Halafu khalifa akapigana nao, akawashinda. Baadaye mmoja wao akamvizia msikitini alfajiri, akamuua.”

Niliponda karanga moja ya khalifa kwa kidole ili jambo liwaingie. Likaingia. Shemeji akasimama.

“Wamuue mkwe wa Mtume, halafu mimi niwape binti yangu?”

“Ngoja, sijafika kwa Maibadhi...”

“Mimi nimeshafika. Wapigie simu. Jumamosi wasije.”

Akaingia jikoni. Binti alinitazama, machozi yakimlengalenga.

“Umenimaliza, baba mdogo. Si ungeanzia mwisho?”

Nilikiri kosa, jambo nisilolifanya mara nyingi. Katika kazi yangu huwezi kuruka hatua, lakini shemeji si kiyoyozi.

Kuta za Jericho hazifichi kitu. Kabla sijaitoa simu mfukoni, jirani wa mlango wa pili alikuwa ameshaingia. Huyu ni mama wa Kikristo kutoka magharibi mwa Kenya, wa kanisa la kanzu nyeupe na ngoma.

“Nimesikia mambo ya watu kutoka,” alisema, akijivutia kiti. “Hayo niulizeni mimi. Kanisa letu lilitoka kwa lingine sababu ya ngoma. Wao walitaka moja, sisi mbili. Halafu wengine wakatoka kwetu wakitaka tatu, na hao sasa wanatuita wapagani. Mimi usinihesabie makosa ya ngoma tatu! Sasa baba, hawa watu wa kijana ni wa ngoma ngapi?”

Swali hilo hata shehe wa Maskati hakuwahi kuulizwa. Nililijibu papo hapo.

“Mbili. Wale waliotoka nao waligawanyika. Wakali wakasema asiye pamoja nasi ni mshirikina, damu yake halali. Wapole wa Basra wakakataa kuwainulia upanga Waislamu wenzao. Maibadhi wametokana na hao wapole. Ukiwaita Makhawariji, wanaudhika.”

Jikoni, shemeji alikuwa akisugua sufuria ileile tangu jirani aingie. Nikapaza sauti kidogo.

“Kiongozi wanamchagua kwa uchaji wake, hata kama si wa ukoo wa Mtume. Wanasali mikono ikiwa imeshuka kando. Wanaamini Mungu haonekani kwa macho, hata peponi. Na mwenye dhambi kubwa asiyetubu, akiingia motoni hatoki.”

Sufuria ikanyamaza. Shemeji akatokea mlangoni, povu mikononi.

“Hatoki kabisa? Si Mwislamu huadhibiwa, kisha akatolewa?”

“Hivyo ndivyo tunavyofundishwa sisi. Wao wanasema ni milele.”

“Hata mzinzi?”

“Asipotubu, hata mzinzi.”

“Woi!” jirani akapiga paja. “Huyo kijana si atakuwa analala nyumbani kila siku!”

Shemeji hakucheka. Alijifuta mikono polepole kwenye leso.

“Hiyo simu usipige kwanza,” aliniambia.

Jumamosi walikuja, kijana na wazazi wake. Babake ni mzee mpole anayeuza manukato. Salamu zilipokwisha, alijiweka sawa ili aseme. Shemeji akamtangulia.

“Mzee, samahani. Kwenu, mzinzi asiyetubu atatoka motoni?”

Mzee alinitazama mimi, walii, nimwokoe. Nilitazama dari.

“Hatoki, mama.”

“Na kijana anajua?”

“Amefundishwa tangu utotoni.”

Shemeji akamgeukia kijana mwenyewe. “Unajua?”

“Najua, mama.”

“Sema nisikie.”

“Hatoki!”

Nyuma ya pazia binti alicheka kwa sauti ambayo mchumba hapaswi kuisikia siku ya posa. Shemeji akaketi, kwa mara ya kwanza tangu wageni waingie.

“Haya, semeni mlichojia.”

Mzee akakohoa, akasema. Nami, kama walii, nilitamka kwa ufasaha kwamba tumekubali. Sidhani kuna aliyenisikia, kwa maana shemeji alikuwa tayari anawauliza kama mwezi ujao si mbali sana.