Kona ya Upande wa Vyoo

Chuo chetu cha ufundi kilitufundisha uashi kwa njia ya pekee: kubomoa. Asubuhi tulichanganya udongo na maji, kwa sababu simenti ni ghali na sisi hatukuwa watu wa kupotezewa simenti. Tulipanga matofali, tukanyoosha ukuta kwa timazi, mwalimu akapita, akafinya jicho moja, akasema, "Haya, safi." Hapo hapo tukaushusha. Matofali tukayasugua na kuyapanga, kesho yake tukaanza upya. Ukijenga vizuri unabomoa, ukijenga vibaya unabomoa. Haki sawa kwa wote.

Mama yangu, anayekaanga samaki Kirumba, alivumilia mambo haya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akanijia juu. "Kila jioni nakuuliza umejenga nini, unaniambia umebomoa. Sasa ada natoa ya nini? Kubomoa hata mvua inaweza!" Mamkubwa wangu alikuwa na saluni Kiseke, na nafasi moja ya msusi. Mama akaniwekea sharti: kabla mwaka haujaisha nimwonyeshe ukuta mmoja nilioujenga mimi ukasimama, la sivyo nikasuke. Sina ugomvi na wasusi, ila mimi hata kichwa changu mwenyewe kimenishinda. Na uashi nilikuwa naupenda, naupenda kwa kweli.

Mungu si Athumani, ukaja mradi. Shule moja ya msingi huko Buhongwa ilihitaji darasa, na wakubwa wakaona wanafunzi wa uashi ndio wajenge, wapate ujuzi, wajiandae na ajira. Wazo zuri mno. Kwamba tungefanya kazi bure, hilo hakuna aliyeliwaza hata kidogo.

Mkuu wa chuo akatugawa kwa hekima kubwa. Wavulana, kuta. Wasichana, nasi tulikuwa watatu tu, maji na uji. "Na ninyi mtajifunza," akatuliwaza. "Jengo bila maji halisimami."

Nikamfuata mwalimu wetu wa uashi. "Shikamoo mwalimu. Naomba kona moja."

"Marahaba. Kona ya nini?"

"Ya mama yangu."

Nikamweleza yote. Akajikuna kidevu, kisha akanipa kona ya nyuma, ile inayotazama vyoo, ambako mgeni rasmi hatapita hata akipotea. Nilishukuru kama niliyekabidhiwa Ikulu.

Siku ya kuanza ujenzi ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika simenti. Niliipandisha kona yangu taratibu, kila tofali nikilipima kwa timazi kabla ya kugusa lingine, wenzangu nao wakiunyoosha ukuta wa mbele. Kabla ya chai mwalimu akapita, akafinya jicho. "Haya, safi," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Lo! Mwacha mila ni mtumwa. Wavulana wakaweka miiko chini, wakaanza kushusha ukuta. Bila wasiwasi, huku wanabishana habari za mpira. Matofali yakashuka, yakasuguliwa, yakapangwa vizuri kabisa. Mafunzo yalikuwa yamewaingia hasa. Wawili wakaja kwenye kona yangu. "Dada, pisha tukusaidie."

Nikasimama mbele ya kona, mwiko nimeuinua juu. "Atakayeigusa namkata mkono!" Machozi yalikuwa yananitoka. "Hii ni simenti, jamani! Ni simenti!"

Wakatazamana. Halafu wote wakageuka kulitazama lile rundo la matofali yao safi.

Mwalimu alirudi na kikombe mkononi. Aliyoyasema siandiki, huenda watoto wanasoma. Alipoishiwa maneno akachukua kamba, akaifunga kwenye kona yangu, na darasa zima likaanza upya kwa kufuata kona ya upande wa vyoo.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi aliwapongeza sana "vijana wetu wa kiume kwa umahiri wao". Sisi watatu tulimsikia vizuri, maana tulikuwa tunagawa soda. Mama alikuwa amekaa nyuma na gauni lake la kanisani, pembeni yake mamkubwa, ambaye alikuja tayari kuondoka na mimi.

Hotuba zilipoisha nikawapeleka kwenye kona yangu.

"Uko wapi huo ukuta?" mama akauliza.

"Ndio huu."

"Mbona matofali siyaoni?"

"Yamepigwa lipu mama, na rangi."

Akautazama kama anavyomtazama mchuuzi anayeapa kwamba samaki ni wa leo. Akaweka viganja viwili, akasukuma. Akavua viatu, akaegemeza bega, akasukuma tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Harufu ya vyoo ilikuwa kali na wala hakujali.

Ukuta haukutikisika. Mama akavaa viatu vyake polepole, mkono mmoja ameushika ukuta asianguke.

"Dada," akamwambia mamkubwa, "ile nafasi yako tafutia mtu mwingine."