Mkia wa Mbwa wa Jirani

Nimekua na paka. Katika nyumba yetu ya Kiislamu pale Rumonge mbwa hakuvuka kizingiti, kwa hiyo lugha ya mnyama niliyoijua ilikuwa moja tu: paka akipigapiga mkia, mwache, akijilaza chali, ficha mikono, makucha yanakuja.

Mwaka wa sabini na mbili, vurugu zilipoanza, jirani yangu, mjane wa Kikongo aliyekuwa akiuza mawese, alipanda boti kurudi kwao ng'ambo ya ziwa. Aliniachia mbwa wake, akaniomba nimtupie makombo mpaka atakaporudi. Nilikubali kwa ulimi tu.

Siku hizo sote roho zilikuwa juu juu. Mume wangu alikaa, akasimama, akachungulia barabara ya Minago, akakaa tena. Mimi nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Askari walikuwa wanapita, na hatukutaka chochote kiwavute kwetu. Kila nilipotoka na sahani, mbwa yule alinijia ameinama, mkia ukipigapiga chini, kushoto na kulia, kisha akajibwaga chali mbele yangu. Nilimrushia chakula kwa mbali, na mara nyingine jiwe. Hasira zangu ziko karibu, na hofu huzisogeza zaidi.

Mume wangu aliniuliza mimi niliyemlisha kama mbwa yule ni mkali. Akimrukia askari, alisema, tumekwisha. Nikamwambia ni mkali, tena sana, kila siku ananipigia mkia. Kesho yake asubuhi alimfunga kamba, akampeleka nyuma ya michikichi. Alirudi na kamba peke yake, nami, nasema kweli, nilifurahi.

Hali ilipotulia kidogo jirani akarudi. Nilimweleza yote kwa kujitetea, kwamba mbwa wake alikuwa akinitisha. Hakupaza sauti.

“Mukia ilikuwa juu ao chini, mama?”

Nikamwonyesha kwa mkono: chini, hivi na hivi.

“Na tumbo alikuonyesha?”

Nikasema ndiyo. Aliutazama mkono wangu, ambao ulikuwa bado unacheza hewani.

“Hakukuwa na hasira. Alikuwa anakuomba usimupige.”

Niliushusha mkono. Nilitamani anitukane, nipate la kujibu. Badala yake alinishukuru kwa makombo niliyomtupia mbwa wake, akaingia kwake.