Masharubu ya Prefe

Rafiki yangu wa darasa alikimbia vita Rutshuru. Nilipomutembelea kambini Goma, mvua ilinikuta ndani ya hema yao ya kitambaa kizee. Maji yaliteleza juu, hayakupenya.

«Mutu asiguse pale juu,» mama yake alituonya, akimunyonyesha mutoto.

Mimi na kichwa changu cha mbuzi! Alipogeuka, nikamuchora kwa kidole, kwenye kitambaa juu yetu, prefe wa masomo, mukubwa wa shule yetu, na masharubu yake. Rafiki akacheka. Kisha masharubu yakaanza kudondosha maji. Kila nilipogusa, maji yalifuata kidole, yakapenya, yakalowesha mukeka wa mutoto.

Mama hakunigombeza. Aliweka sufuria, akanionyesha pembe moja iliyobaki kavu.

«Papa,» aliniita kama mutoto wake, «ikala huku, usilowe.»

Yeye na mutoto walibaki kando ya sufuria. Nilikaa, mikono chini ya mapaja.