Ini la Mtu Asiyekunywa

Kwa miaka ishirini na minne Nicodemo Margwe alikuwa mkaguzi wa nyama pale Dongobesh, na kama kuna kitu alichokijua vizuri duniani, basi ni ini. Alilipasua kwa kisu chake chembamba, akalibonyeza kwa dole gumba, akaangalia kinachotoka. Likiwa na minyoo alilitupa shimoni, mwenye ng'ombe apige kelele mpaka sauti imkauke. "Nieleze unavyotaka kwamba ng'ombe wako alikuwa mzima," alikuwa akisema. "Mimi nimeshaongea na ini lake, na ini halijui kudanganya." Watu walimcheka kwa maneno hayo, lakini nyama isiyo na mhuri wake hawakuinunua.

Jambo la pili lililompa jina ni kwamba hakunywa. Si pombe ya mtama, si bia, sembuse gongo. Hilo lilitokana na mke wake, Marieta. Baba yake Marieta alikufa kwa pombe kule Tlawi, tumbo limejaa maji, macho ya manjano, na Marieta ndiye aliyemlisha uji mpaka mwisho. Nicodemo alipokwenda kuposa, binti alimwambia mbele ya wajomba zake: siku nitakayojua umekunywa, nafungasha narudi kwetu. Nicodemo alikubali, na jamani, mtu akistahili sifa apewe, neno lake alilishika. Kwenye harusi wenzake walilewa, yeye na soda yake.

Na hizo soda! Zamani kuziona ilikuwa mpaka Krismasi. Kisha biashara ikafunguliwa, malori yakaanza kupanda mlima na makreti, madumu ya mafuta ya kula na magunia ya sukari. Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, halmashauri ikampa Nicodemo pikipiki. Milima aliyokuwa akiikwea kwa miguu kutoka machinjio haya hadi yale, sasa aliikwea akiwa amekaa. Marieta naye aliona mume asiyekunywa anastahili kutunzwa. Alimwekea chai ya vijiko vinne vya sukari, maandazi, wali unaong'aa mafuta hata siku za kazi, na soda mbili kila jioni. Kitambi kikaja, kikakaa. Wanawake wa jumuiya walimpongeza Marieta kwamba mume wake amenawiri, na Marieta akatembea kwa maringo.

Mwaka 2011 uchovu ulimwingia Nicodemo, akaenda hospitali ya misheni akidhani ni malaria. Nesi akampima presha, iko juu. Akampima sukari, imepanda. Akamzungushia futi ya fundi cherehani kiunoni, akaguna. Nicodemo akacheka, maana kwake mnyama mpana ni mnyama mzuri. Kisha Dokta Zulfa, binti wa wafanyabiashara wa Katesh, akampaka ute wa baridi tumboni na kutazama kwenye kioo cha ultrasaundi.

"Mzee, ini lako lina mafuta mengi. Unatumia pombe?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, daktari."

Dokta akaendelea kueleza, lakini Nicodemo hakusikia tena. Neno ini lilikuwa limemwingia kichwani na kuufunga mlango. Alichoshika ni kwamba atolewe damu na arudi baada ya miezi miwili.

Hakuzoea kuficha mambo, kwa hiyo alifika nyumbani akasema kama alivyosikia. Marieta akaweka sufuria chini. Yeye alijua njia moja tu ya ini kuharibika, na mwisho wake alikuwa ameuona kwa macho yake.

"Unakunywa wapi, Baba Judica?"

"Sinywi."

"Miaka yote unawaambia watu ini halijui kudanganya. Leo la kwako ndilo lidanganye?"

Maneno yalikuwa ya Nicodemo mwenyewe.

Toka siku hiyo Marieta alihamia chumba cha binti yao Judica, aliyekuwa ameolewa Babati. Alinusa koti la mume wake, akanusa hata kofia ya pikipiki. Sanduku lake alilijaza nguo na kuliweka nyuma ya mlango. "Nitakwenda na wewe kwa daktari," alisema, "nisikie kwa masikio yangu. Nikitoka pale nakwenda Tlawi."

Nicodemo alichanganyikiwa, tena vibaya. Alianza kujikagua mwenyewe. Au ni ndizi mbivu? Au maziwa mgando? Kulikuwa na glasi ya juisi aliyopewa kwenye harusi moja Babati mwaka 1994, ilimwasha koo kidogo. Je, ilikuwa juisi kweli? Na inawezekana ini likakaa na kinyongo miaka kumi na saba? Machinjioni alipasua ini la fahali mnene, akaligeuza, akalinusa, akaligeuza tena. Hajawahi kumkataa mnyama kwa kunona. Kunona ndiyo afya yenyewe!

"Bwana mkaguzi, lina nini?" Patriki, mchinjaji, akauliza.

"Sijui," alisema Nicodemo. Patriki akamkodolea macho, kwa kuwa neno hilo hakuwahi kulisikia kwake.

Miezi miwili ikaisha. Walikaa mbele ya Dokta Zulfa, Marieta na mkoba wake magotini.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama."

"Marahaba. Daktari, mume wangu anakunywa?"

Dokta akatazama majibu ya damu. "Mama, siwezi kumwapia mtu. Ila ini hili halihitaji pombe kufika hapa lilipofika. Sukari iko juu, presha iko juu, mafuta ya damu hivyo hivyo, na kiuno mnakiona. Mambo haya hutembea pamoja. Mwili ukipewa sukari na wanga kuliko unavyotumia, ini linageuza kile cha ziada kuwa mafuta. Mengine yanabaki humo humo. Na ini likishajaa mafuta, nalo linazidi kupandisha sukari."

"Sasa kipi kilianza?" Nicodemo akauliza.

"Vinasukumana, mzee."

Hilo nalo hakulielewa. Minyoo ina mwanzo wake, inatoka majini. Ugonjwa gani huu unaozunguka tu?

"Lakini akipungua uzito, akitembea, akiacha soda, ini linaweza kupona," dokta akaongeza. "Mama, huwa anakula nini?"

Marieta akaanza kutaja kwa fahari ya mwenye nyumba yake: chai, maandazi, wali. Alipofika kwenye soda sauti ikapungua. Alipofika kwenye vijiko vya sukari akanyamaza kabisa.

Nje walikaa kwenye benchi, watu wa foleni wakiwatazama.

"Kumbe ni mimi," Marieta alisema. "Nilikuwa nakulinda usife kama baba. Kumbe ninakupakulia kwa mkono wangu."

Miezi miwili Nicodemo alikuwa ameomba asafishwe jina, na sasa limesafishwa, mbele ya daktari. Akamtazama mke wake, akaona hakitaki tena hicho alichokiomba. Akashtukia mdomo umeshasema.

"Nilikuwa nakunywa."

"Nini?"

"Kidogo kidogo. Kule mnadani Getanuwas. Nilikuficha."

Marieta akageuka taratibu. "Pombe gani?"

"Ile... ile nyeupe."

"Wanaiuzaje?"

Nicodemo akatafuta kichwani, hakuona kitu.

"Kwa kilo," akasema.

Mwanamke aliyenusa koti na kofia kwa miezi miwili sasa hakuamini hata neno moja. Akaegemeza kichwa begani kwa mume wake, mbele ya foleni nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, akalia.